Kibodi au Chaja

Afisa wa mahakama alikuwa anakuja saa nne asubuhi kupima kama Zélie Melançon anaweza kuachwa aishi peke yake, na mdogo wake Elray, ambaye ndiye aliyepeleka ombi mahakamani, alikuwa amefika tangu kulipopambazuka ili amfungie waya za mashine yake ya kuzungumzia. Ilikuwa kama mtu kumshtaki mwenzake, kisha akambebea mkoba hadi kortini. Lakini hakukuwa na mtu mwingine aliyezijua zile waya, na Elray hakutaka isemwe kwamba ameshinda kwa hila.

Zélie alizaliwa kiziwi, kisha macho yakamwacha taratibu akiwa mtu mzima. Ni ugonjwa unaozijua vizuri familia za Kifaransa za upande ule wa Louisiana, na unazitembelea bila kualikwa. Na watu wake alizungumza mikono juu ya mikono: wewe unatengeneza alama, yeye ameweka viganja vyake juu ya vyako, anakusoma. Elray aliijua lugha hiyo tangu utotoni, maana ndiyo lugha waliyogombania peremende. Wageni hawaijui, na kwa ajili ya wageni ndipo ilipopatikana mashine.

Ilikuwa kompyuta ya kiganjani, kubwa kidogo kuliko kitabu cha sala. Juu ilikuwa na vitufe vya Zélie vya kuandikia, na chini ya vitufe mstari wa nukta nundu zinazopanda na kushuka zenyewe, anazozisoma kwa ncha za vidole. Mgeni aliandika kwenye kibodi ndogo ya kawaida iliyounganishwa kwa waya wa USB, na maneno yake yakamfikia Zélie vidoleni. Zélie akijibu, mashine ililisema jibu kwa sauti ya mwanamke mmoja mchangamfu kupita kiasi, ambaye familia ilimpachika jina la Bibi Hali ya Hewa.

Ubaya wake ulikuwa mmoja. Mashine ilikuwa na tundu moja tu la USB, na waya uliotoka hapo ulikuwa na matawi mawili, moja la kibodi na moja la chaja. Kibodi ikiwa peke yake, mashine ndiyo mkubwa: inailisha umeme na kuisikiliza. Ukichomeka chaja, mashine inaona umeme unaingia kutoka nje, inajidhania imepata mkubwa wake, inaacha kuisikiliza kibodi na kukaa inakula tu. Vitufe vya Zélie mwenyewe haviguswi na jambo hilo. Kinachokufa ni kibodi ya mgeni, na taa yake ndogo ya kijani inazimika. Muuzaji aliwaambia siku ile ile: kibodi au chaja, si vyote viwili.

Marehemu mama yao hakuyapenda masharti hayo. Mwaka wa kimbunga walimkuta Zélie kwenye ukumbi wa waliohamishwa, mashine imekufa kwa kukosa umeme, na wahudumu wamemfunga mkononi utepe ulioandikwa kwamba ana maradhi ya akili. Tangu hapo mama akaweka sheria ya nyumba: anayepita achomeke. Ukiingia jikoni, uwe unafuata maji au unafuata chumvi, unapapasa waya wa chaja na kuuchomeka. Mama alikuwa kaburini tangu Novemba, lakini mikono ya Elray ilikuwa haijapata habari.

Asubuhi ile alichomoa chaja kwa makusudi, akaona taa ya kijani ya kibodi inawaka, akaandika neno la majaribio. Zélie akalisoma.

"Umekosea herufi," Bibi Hali ya Hewa akasema kwa furaha.

Jikoni kulikuwa na harufu ya keki ya asali ya miwa. Zélie aliioka mwenyewe usiku uliotangulia, akaipimia kwa vidole kama mama alivyomfundisha, akaifunika kwa taulo. Sasa alimshika Elray mikono akamwambia, mikono juu ya mikono, kwamba atamwambia huyo mwanamke karibu, kisha atamlisha, na baada ya hapo mwanamke aulize anachotaka.

"Unatembea vibaya siku hizi," akaongeza. "Sakafu inasema umenenepa."

Elray akacheka, naye Zélie akakisoma kicheko hicho kwenye mabega yake. Nyumba yao ilikuwa ya mbao, imeinuliwa juu ya nguzo kwa sababu ya maji, na Zélie alizisoma hatua za watu kwa nyayo zake. Ndiyo maana wageni waliambiwa wapige mguu mara mbili kwenye ubao wa barazani na kungoja. Ndugu hawakupiga mguu. Elray alikuwa na ufunguo wake, na aliingia anavyotaka.

Hakumwambia kwamba kilichonenepa ni buti.

*

Buti zile alizinunua kwa ajili ya kazi ya mitambo ya mafuta baharini, kazi ambayo binamu yake alimpigania kwa muda mrefu mpaka ikapatikana. Wiki mbili majini, wiki mbili nyumbani. Malipo ya safari moja yalikuwa yanazidi alichokipata kwa msimu mzima wa kutega kamba wa matope na kufufua injini za boti za watu wanaolipa kwa kukuahidi. Kampuni ilitaka jibu Ijumaa, na hii ilikuwa Alhamisi. Buti alizivaa tangu mwanzo wa wiki ili zizoee mguu.

Tangu mama afe, Elray alikuwa anakuja kwa Zélie asubuhi, mchana na jioni. Alimpeleka dukani, kanisani, kwa daktari wa meno. Januari kitambaa cha jikoni kilishika moto juu ya jiko. Zélie akakizima mwenyewe kwa sufuria la maji kabla hajaja mtu, lakini Elray aliiona alama nyeusi ukutani, na hakulala vizuri tena. Mtu hawezi kuwa baharini wiki mbili huku ana ukuta kama huo kichwani.

Darlene, mke wake, hakuwa mwanamke mbaya. Alifanya kazi jikoni kwenye shule moja, akirudi viatu vyake vinanuka mafuta, na alikuwa amechoka kuwa ndiye mwenye mshahara. Jana yake, Elray alipojaribu kusema kwamba labda wamngojee Zélie mwaka mmoja zaidi, Darlene hakunyanyua hata macho.

"Dada yako ana kichwa kizuri kuliko chako," alisema. "Lakini kichwa hakizimi moto. Kule Lafayette wana wauguzi, wana milango inayojifunga. Wewe unataka afe ndipo useme ulimpenda?"

Elray akasema Zélie hataki kwenda.

"Hata mimi sitaki kukaanga samaki wa watoto mia tatu. Nani kaniuliza?"

Kwa hiyo lile ombi likabaki mahakamani. Elray awe msimamizi wa dada yake, amwekee sahihi, ampeleke kwenye nyumba ya kulelea, na nyumba ya mama ifungwe. Zélie aliletewa nakala yake kwa nukta nundu, kama sheria inavyotaka. Aliisoma mara moja, akaikunja, akaiweka chini ya kopo la unga. Hakugomba. Jioni ile ile binamu zao walikuja kucheza bourré naye, ule mchezo wa karata ambao asiyekula hata mkono mmoja hulilipa fungu zima. Karata zake zilikuwa na nukta pembeni. Aliwala wote, na kama kawaida yake aliishikilia turufu yake mpaka wenzake walipomaliza za kwao. Katika ukoo walikuwa na msemo: usimwamini Zélie mpaka uione mikono yake mitupu.

*

Bi. Whitcomb aliyetumwa na mahakama alitoka mbali, na mvua ilimfuata njia nzima. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye mafua. Alipiga mguu barazani mara mbili kama alivyoagizwa kwa simu, akaona ajabu mlango ulipofunguliwa na asiyesikia.

Kulikuwa na tatizo, alisema pale pale mlangoni huku akipigana na mwavuli wake. Mkalimani wa lugha ya mikononi aliyekuwa aje kutoka Lafayette amekwama, barabara imefunikwa na maji. Na yeye, Elray, hawezi kutafsiri, kwa kuwa ndiye mwombaji. Anachosema dada yake kisipitie kinywani mwake. Elray akasema hakuna shida, mashine ipo, imekwisha kufungwa. Bi. Whitcomb akashusha pumzi. Kuahirisha, alisema, kungepeleka jambo mpaka majira ya joto.

Zélie alimkaribisha kwa mkono, akaketi mahali pake mezani, mgongo wima, nywele amezibana vizuri, mashine mbele yake, viganja juu ya nukta. Elray akaenda jikoni kumimina kahawa, maana katika nyumba zile mgeni hasemi shida yake kabla hajanywa kahawa. Alirudi na vikombe vitatu kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa mtupu. Alipita karibu na meza, kibodi ikiwa upande ule na waya wa chaja ukining'inia kwenye kiti, na mkono ule mtupu ukafanya kazi yake ya miaka yote. Ukapapasa, ukachomeka.

Baadaye sana alijaribu kujiuliza kama mkono ulijiendea wenyewe.

Zélie akabonyeza kitufe. "Habari," akasema Bibi Hali ya Hewa. "Mimi sioni wala sisikii. Tafadhali andika jina lako hapa, kisha useme umekuja kwa shida gani."

Bi. Whitcomb akatabasamu, akamwangalia Elray. "Salamu hiyo uliiweka wewe?"

"Mimi," Elray akasema, na ilikuwa kweli.

Mwanamke akaivuta kibodi, akaandika jina lake kwa vidole viwili, polepole, akangoja. Zélie hakujibu. Akaandika tena. Akaandika swali la kwanza, analisema kwa sauti huku anaandika, ili Elray asidhani anamficha: *Unajua leo ni siku gani?* Zélie alikaa vile vile, vidole juu ya nukta, uso umeelekea dirishani.

Hapo ndipo Elray alipoitazama kibodi, na taa ya kijani haikuwepo.

Alielewa mara moja. Alikuwa na kikombe mdomoni, na akakiacha hapo muda mrefu kuliko kahawa inavyohitaji. Lilikuwa jambo la kunyoosha mkono tu. Kiti chake kilikuwa jirani na ule waya.

"Mashine ni nzima?" Bi. Whitcomb akauliza.

"Asubuhi ilikuwa nzima."

Hiyo nayo ilikuwa kweli. Mwanamke akaandika swali jingine, anapokula nani hupika, na jingine, moto ukitokea afanye nini. Kila swali alilisema kwa sauti, na kila swali lilikufa mezani. Zélie hakusogea. Alikuwa na ile sura anayokuwa nayo kanisani, ya mtu anayesikiliza kitu ambacho wengine hawakisikii, na kwa asiyemjua ilikuwa sura ya mtu ambaye hayupo.

"Huwa anakaa hivi?" Bi. Whitcomb akauliza kwa sauti ya chini, sauti ya hospitali.

"Tangu mama afariki, kuna siku anakaa hivi."

Kweli tena. Elray alishangaa jinsi ilivyo rahisi. Hakusema uongo hata mmoja, na dada yake alikuwa anazama mbele ya macho yake katika maji ya kweli tupu. Akaifikiria Ijumaa. Akamfikiria Darlene na viatu vyake vya mafuta. Akajiambia kwamba hata hivyo ni kwa usalama wa Zélie mwenyewe, na akaona neno hilo halikai vizuri kifuani.

Bi. Whitcomb alijaribu mengine kwa moyo mwema. Aliinama, akamwita Zélie kwa jina, kwa sauti ya juu, silabi moja moja, kama watu wanavyowaita viziwi na wageni. Alichukua kikombe akakiweka mkononi mwa Zélie, akamfunga vidole kukizunguka kimoja kimoja, kama unavyomfunga mtoto vidole kwenye mkate. Zélie alikubali kufungwa vidole. Akanywa funda moja, akakirudisha kikombe kwenye kisahani bila kukitafuta, akaweka tena viganja kwenye mashine. Bi. Whitcomb alikuwa anapenga kamasi na hakuona.

Kahawa ikapoa. Mwanamke akaandika mistari michache kwenye karatasi zake, akasema atapendekeza mahakama ikubali, kwamba anajua si uamuzi mwepesi kwa ndugu, kwamba ameona familia zinazowatelekeza watu wao na hii si moja yao. Elray akasema asante. Akamkatia kipande cha keki, kwa kuwa mgeni haruhusiwi kuondoka bila kula. Bi. Whitcomb akala akiwa amesimama, mkoba begani.

"Hii keki," akasema. "Mwambie mkeo, tafadhali, sijala keki kama hii tangu bibi yangu afe. Ameweka nini ndani?"

Elray alifungua mdomo kusema atamwambia. Lingekuwa neno dogo kuliko yote aliyokwisha kusema. Likakwama.

"Hajaoka mke wangu," akasema. "Mke wangu hajui kuoka. Kaoka yeye."

Bi. Whitcomb akaacha kutafuna. "Yeye nani?"

"Dada yangu. Jana. Peke yake." Akainuka, na kiti kikaanguka nyuma yake. "Bibi, kaa chini. Mashine si mbovu na yeye si mbovu. Mimi nilichomeka chaja. Ikiwa imechomekwa, kibodi yako haifiki. Hajaona hata neno moja uliloandika."

Akachomoa waya. Taa ya kijani ikawaka.

Bi. Whitcomb akaiangalia taa. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu swali la siku."

Hakumuuliza zaidi. Akautua mkoba, akaketi, akafuta makombo vidoleni kwa makini, akaandika kama anaanza siku upya. *Unajua leo ni siku gani?*

Nukta zikapanda chini ya vidole vya Zélie. Akasoma, akaandika.

"Alhamisi," akasema Bibi Hali ya Hewa kwa uchangamfu wake wote. "Siku ya lori la taka. Kaka yangu hajatoa pipa."

Wakaenda hivyo, swali na jibu. Nani anapika? Mimi. Wengine wanakula na kusifu. Moto ukitokea? Nikiweza nauzima, kama Januari. Nisipoweza natoka kwa mlango wa nyuma, ngazi tano, nashika kamba iliyofungwa mpaka kwenye sanduku la barua. Wewe kwako una kamba? Bi. Whitcomb alicheka peke yake, akaandika kwamba hana. Funga, akajibiwa. Mafua yako unanywea nini? Mwanamke akashtuka, akauliza amejuaje. Meza inatikisika ukipiga chafya.

Elray alikuwa amesimama karibu na jiko, chini ya ile alama nyeusi ukutani, akisikiliza. Ilikuwa miaka tangu asikilize maneno ya dada yake kwa masikio, na alishangaa kusikia jinsi anavyochekesha.

Swali la mwisho lilikuwa anataka kuishi wapi. Hapa. Na anataka nani wa kumsaidia.

"Mtu wa kulipwa," sauti ikasema. "Aje asubuhi, aondoke jioni, wapo wa kazi hiyo, nimekwisha kuuliza. Si kaka yangu. Kaka yangu amepata kazi baharini, binamu kanieleza. Aende. Wiki nzima anazizoesha buti kwenye sakafu yangu na anadhani nimefikiri ni kitambi."

*

Bi. Whitcomb aliondoka na karatasi nyingine, zile za kwanza amezichana mbele yao. Hakumpa Elray mkono. Alisema tu kwamba yote aliyoyaona ataiandikia mahakama, na Elray akajua kwamba yote ni yote.

Mvua ilikuwa imepungua. Zélie alikuwa bado mezani, anakunja waya wa kibodi kwa utaratibu. Elray akaketi mbele yake, akasogeza mikono yake chini ya mikono ya dada yake, akaeleza. Alieleza vibaya, anarudia alama, anajisahihisha. Kwamba mkono ulijiendea. Kwamba ni ile sheria ya mama. Kwamba alitaka kusema mapema.

Zélie alimwacha amalize.

"Mashine ikila umeme inapata joto," akasema. "Chini, hapa kwenye kiganja. Nililisikia mara tu nilipomaliza kumsalimu mgeni. Nikajua umechomeka."

Elray akaacha kujieleza. Akamuuliza kwa nini basi hakuandika. Vitufe vyake vilikuwa vinafanya kazi. Angesema neno moja tu.

"Mgeni angefika mlangoni ningesema. Turufu nilikuwa nayo." Vidole vyake havikuwa na hasira, vilikuwa vinaeleza mchezo kwa mtu aliyeshindwa. "Nilitaka kujua kama nitaihitaji. Nikakungoja. Joto likapanda, likapanda, nikapewa kahawa, kahawa ikapoa. Na wewe kiti chako kipo hapo hapo."

"Mwishowe nilisema."

"Ulisema. Ndiyo sababu bado nakupa mikono." Akaondoa kiganja kimoja, akakifungua juu ya meza. "Ufunguo."

Elray alidhani hakusoma vizuri. Zélie akarudia. Elray akautoa ufunguo kwenye fungu lake, akauweka kiganjani. Zélie akaufumba, akasimama, akamsindikiza mpaka mlangoni kama mgeni mwingine yeyote, na mlango ukafungwa nyuma yake.

*

Alifika kwenye gari ndipo akagundua kwamba kofia yake imebaki mezani. Ilikuwa kofia tu, tena ya bure, ya duka la vyakula vya ng'ombe. Simu ikalia mfukoni. Alikuwa Darlene, anataka kujua imekuwaje. Elray akaitazama simu mpaka ikanyamaza.

Alitoa pipa la taka kwanza, akalivuta mpaka barabarani kwenye matope, ingawa lori lilikuwa limekwisha kupita. Kisha akarudi barazani na kuushika mlango, na mlango haukufunguka. Hakuwahi kufungiwa nje ya mlango huo maishani mwake. Alisimama pale kama mtu aliyepewa anwani isiyo sahihi, akakumbuka wageni hufanya nini, akapiga mguu ubaoni. Mara mbili. Akangoja.

Hatua zikaja bila haraka. Mlango ukafunguliwa. Zélie alikuwa amesimama kizingitini, mashine imening'inia shingoni kwa mkanda wake, na mikono yote miwili ameishika mashine, hakumnyooshea hata mmoja. Kibodi ilikuwa imeunganishwa. Akamsogezea.

"Habari," akasema Bibi Hali ya Hewa, kwa maneno ambayo Elray mwenyewe aliyaandika na kuyaweka. "Mimi sioni wala sisikii. Tafadhali andika jina lako hapa, kisha useme umekuja kwa shida gani."

Taa ya kijani ilikuwa inawaka. Elray aliipokea kibodi. Vidole vyake vilikuwa vinene kwa vitufe vile, vina grisi ya injini kwenye kucha, na herufi hazikukaa mahali alipozitegemea. Alilitafuta jina lake herufi moja moja. Alipolimaliza, likabaki swali la shida. Kofia ingetosha. Akaandika kitu kingine, akakosea, akafuta, akaandika tena: *Nimekuja kuomba radhi. Niliona taa imezimika nikanyamaza.*

Zélie alisoma mpaka mwisho. Kisha akarudisha kidole mwanzo wa mstari akasoma tena, taratibu, na Elray alisimama kwenye manyunyu akiutazama uso wa dada yake bila kujua kinachokuja, kama wageni wote waliowahi kusimama pale.

"Nimesoma," sauti ikasema. "Jina umekosea herufi. Futa miguu uingie, uchukue kofia yako. Na ukipita mezani, usiguse kitu."